Maneno ya Nyuma ya Bajaji

Mdogo wangu anaendesha bajaji hapa Tanga. Kwenye kioo cha nyuma amebandika stika nyekundu, YOU'LL NEVER WALK ALONE, na imekaa pale miaka minne mpaka jua limeichubua. Ile W imebaki kipande. Mwezi uliopita alimpakia mama mmoja kutoka Ngamiani kwenda Bombo kumtazama mgonjwa. Walipofika, yule mama akasimama nyuma ya bajaji akitafuta chenji kwenye pochi, akayaona maandishi, akauliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

"Ya Liverpool hiyo, mama."

"Liverpool naijua. Nimekuuliza inasema nini."

Maneno hayo ni ya wimbo wa mashabiki wa Liverpool, na mdogo wangu anauimba tangu yuko darasa la sita. Anauimba kibanda umiza, skafu ameinyoosha kwa mikono miwili juu ya kichwa, sauti imemkauka. Hakuweza kumjibu yule mama. Jioni akaja kwangu nikiwa nasahihisha madaftari, akageuza ndoo akaikalia, akasema, "Dada, nataka stika mpya, ya Kiswahili. Wewe si ndiye mwalimu? Niandikie. Lakini iwe fupi, fundi anatoza kwa herufi."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Imenichukua majuma matatu, na katika majuma hayo nimemjua mtu aliyekufa mwaka 1960, ambaye sasa simwachi.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili limenigusa mimi hasa. Mbali na ualimu, natunga maneno ya taarabu. Nimetunga kwa miaka zaidi ya ishirini, za harusi, za mapenzi, za kupashana, hata za kuagana na mahujaji. Mtunzi wa maneno hapandi jukwaani. Anaandika chumbani, anakabidhi karatasi, na siku ya shughuli anakaa na wageni wengine anakula pilau. Wimbo mmoja niliutunga nikiwa eda, baada ya kumzika mume wangu. Niliuandika usiku, kwenye kurasa za nyuma za daftari la maandalio ya masomo. Kikundi kikauimba, ukapendwa, ukafika redioni. Nilikuwa jikoni nakuna nazi nikamsikia mtangazaji akisema ni utunzi wake mwenyewe bibie, akamtaja mwimbaji. Mwimbaji yule ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni na simwonei wivu. Lakini yale maneno yalikuwa yangu, na yalikuwa ya marehemu.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia nitafsiri, nilichouliza kwanza ni haya: maneno haya ni ya nani?

Akaniambia ni ya mashabiki.

Si ya mashabiki. Ukiwauliza wanaojua kidogo watakwambia ni ya Gerry and the Pacemakers, vijana wa Liverpool walioirekodi mwaka 1963 ikashika namba moja Uingereza. Ndiyo, wao ndio walioifikisha Anfield. Ilipigwa kwenye vipaza sauti vya uwanja pamoja na nyimbo nyingine zilizokuwa zikivuma, watu wa jukwaani wakaishika, hawakuiachia tena. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka kumi na minane tayari, na haukuzaliwa Liverpool wala haukuzaliwa kwa ajili ya mpira. Umetoka New York, kwenye mchezo wa jukwaani uitwao Carousel, uliofunguliwa tarehe 19 Aprili 1945 katika ukumbi wa Majestic. Muziki ni wa Richard Rodgers. Maneno ni ya Oscar Hammerstein II.

Nilitafuta rekodi ya waigizaji wa kwanza, nikaisikiliza kwa simu usiku baada ya isha, kisha nikatafuta hadithi yenyewe. Ni hadithi ya Mhungaria, Ferenc Molnár, ya mwaka 1909, ambayo Hammerstein aliihamisha kutoka Budapest akaipeleka kwa wavuvi na wafuma nguo wa pwani ya Maine. Binti anaitwa Julie, mfanyakazi wa kiwanda. Anampenda Billy, kijana anayeita watu kwenye bembea la kuzunguka, lile la farasi wa mbao. Wanaoana, kazi inapotea, Julie anapata mimba, na Billy, kwa tamaa ya kumtafutia mtoto chochote, anaingia kwenye njama ya wizi. Wizi unaharibika. Billy anakiangukia kisu chake mwenyewe, anafia mikononi mwa mkewe.

Hapo ndipo wimbo unapokuja. Nataka msomaji akae nami kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi ya mtunzi inapoonekana.

Maiti ipo pale. Nettie, ndugu yake Julie, mwanamke mtu mzima aliyewapa mahali pa kukaa, hana hotuba. Anamkumbusha kitambaa cha kutarizi ambacho Julie mwenyewe aliwahi kumpa. Unakumbuka kilichoandikwa? Julie anakumbuka, ni maneno aliyojifunza shuleni. Basi yaimbe, anaambiwa, tuone kama unajua maana yake. Julie anaanza, mistari michache tu, sauti inakatika kwa kilio. Nettie anaupokea wimbo pale ulipokatikia, anaumaliza yeye.

Niliposoma hilo niliweka simu chini. Kwetu maneno ya namna hiyo yako kwenye kanga. Kila mwanamke wa pwani anayo kanga moja aliyopewa, ambayo jina lake alilisoma mara mia bila kulisikia, mpaka siku moja limfike. Mimi ninayo. Nilipokuwa eda jirani yangu alikuja akanifunika kanga mabegani, hakusema kitu, akakaa. Baada ya siku nyingi ndipo niliposoma kilichoandikwa. Hammerstein, mtu wa New York ambaye sidhani kama aliwahi kushika kanga, alijua jambo hilo: kwamba mfiwa hatungiwi maneno mapya, anakumbushwa ya zamani. Akayatunga mapya yafanane na ya zamani, ya kutariziwa, ambayo mtoto wa shule angeweza kuyakariri.

Ndiyo maana ni mepesi hivyo. Nilichukua daftari nikayahesabu. Karibu yote ni ya silabi moja moja. Dhoruba, kichwa, giza, upepo, mvua, moyo: kwa Kiingereza kila moja ni pumzi moja au mbili, na hakuna hata neno moja la kumfanya msikilizaji ageuke kumtazama mtunzi. Vina ni vichache mno. Viko jozi tatu tu katika wimbo mzima, vimekaa mbalimbali, unaviona ukivitafuta. Halafu kitenzi kimoja, kutembea, kinarudi na kurudi, na kila kikirudi muziki unapanda ngazi.

Na jambo ambalo mashabiki wanalipita: wimbo hausemi "hauko peke yako". Unasema tembea, tembea, na hutatembea peke yako. Ahadi imefungwa kwenye mwendo. Aliyekaa chini haahidiwi kitu. Nilimweleza mdogo wangu hilo akanyamaza, akasema, "Kumbe ni amri." Ni amri, ndiyo, ya upole.

Wakumbuke pia waliokuwa ukumbini. Aprili 1945 vita vilikuwa havijaisha. Wamarekani walikuwa wamemzika rais wao, Roosevelt, siku chache kabla ya ufunguzi. Katika viti vile walikaa kina mama ambao watoto wao walikuwa hawarudi. Sihitaji kuambiwa walivyousikia.

Kuna jambo katika mchezo huo silikubali, na nitalisema. Billy anampiga Julie. Na karibu na mwisho mtoto wao anauliza kama inawezekana kupigwa kofi na usiumie, na mama yake anamjibu kwamba inawezekana. Nafundisha wasichana wa miaka kumi na mitano. Siwezi kulipa jibu hilo nafasi darasani kwangu, hata kwa muziki mzuri namna gani. Hammerstein aliyeandika kitambaa cha Nettie ndiye aliyeandika na hilo, nami nampenda mtunzi huyu huku nikimkatalia hapo.

Katika mchezo huohuo upo wimbo mwingine, wa Julie, kabla msiba haujafika. Anasema hakuna faida ya kujiuliza kama mwanamume wako ni mwema au mbaya; umeshampenda, yaliyobaki ni porojo. Unaitwa What's the Use of Wond'rin'. Ni mzuri sana, na haukuenda mbali kama yule ndugu yake. Hammerstein aliandika mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu chake cha mashairi ya nyimbo cha mwaka 1949, kwamba anajua ni kwa nini: neno la mwisho. Kwa Kiingereza "porojo" alilotumia ni "talk", na linaishia na K. Mwimbaji akifika pale mwisho, pale anapotaka kuivuta sauti na kuwashika watu, K inamfungia mlango. Akasema laiti angemaliza na neno lenye irabu O, mwimbaji angeishikilia apendavyo.

Nilisoma hayo nikasimama kabisa. Mtu mwenye jina kubwa kuliko wote katika kazi yake anakaa chini anajihukumu kwa konsonanti moja! Na mimi niliye Tanga, ninayetunga kwa Kiswahili, nina utajiri ambao sikuwahi kuuhesabu: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Milango yote iko wazi. Hata hilo neno lake, ukisema kwa Kiswahili "yaliyobaki ni porojo", umemaliza kwa ile O aliyokuwa akiitamani. Waimbaji wetu wa taarabu wanaivuta silabi ya mwisho mpaka mpiga fidla anapumzika, na hatujawahi kujiuliza nani aliyetupa ruhusa hiyo. Ni lugha yenyewe.

Lakini lugha inayotoa huku inadai kule. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote. Wao wanaweza kuweka uzito wote kwenye silabi ya mwisho kabisa, na Rodgers alitunga muziki wake kwa kuutegemea uzito huo. Noti ile ndefu ya mwisho inaangukia pale hasa neno linapokanyaga. Ukiweka Kiswahili, mkazo unafika mapema, halafu noti ndefu inaikuta silabi laini. Nilihangaika na hilo siku tatu.

Vilevile namna yao ya vina si yetu. Sisi tunatosheka silabi ya mwisho ikilingana: pendo na mwendo, au hata pendo na jambo kwa mtunzi asiye mgumu. Wao wanataka kuanzia kwenye irabu yenye mkazo mpaka mwisho wa neno, vyote vilingane. Maneno ya kufanya hivyo ni machache, ndiyo sababu mtunzi wao anayeweza kupanga vina vya silabi mbili au tatu anaonekana mchawi. Huyo mchawi alikuwepo, jina lake Lorenz Hart.

Hart namtaja kwa sababu ya mwalimu mwenzangu anayeshangilia Manchester City. Aliposikia habari za stika akasema sisi wa City tuna Blue Moon. Nikamwambia nenda kaangalie nani aliutunga. Muziki ni wa Richard Rodgers, yuleyule! Nyimbo za timu hizi mbili zimetoka kwenye kinanda kimoja. Maneno ya Blue Moon ni ya Hart, aliyekuwa mwenzake Rodgers kabla ya Hammerstein. Muziki huo Hart aliutungia maneno mara kadhaa kwa ajili ya sinema miaka ya 1933 na 1934, yakakataliwa au yakapita bila kugusa mtu, mpaka haya ya mwezi wa buluu ndiyo yakakaa. Hart na Hammerstein walizaliwa mwaka mmoja, 1895, wamepishana miezi miwili na siku kumi, wamesoma chuo kimoja, Columbia. Na hawafanani hata kidogo. Hart maneno yake yanang'aa kama vikuku vingi mkono mmoja, anacheka huku anaumia. Alikuwa mfupi mno, hakuoa, alikunywa sana, alikufa Novemba 1943 akiwa na miaka 48, miezi michache tu baada ya Rodgers kufanikiwa na mtu mwingine, Hammerstein, katika mchezo wa jukwaani wa Oklahoma! Nikisikiliza My Funny Valentine yake ya mwaka 1937, namna inavyozitaja kasoro za mpenzi moja moja halafu inamwomba asibadilishe hata unywele, nasikia mtu aliyejiangalia sana kwenye kioo.

Rodgers na Hart muziki ulitangulia, maneno yakafuata. Rodgers na Hammerstein, maneno yalitangulia. Sisi wa taarabu ni wa mkono wa Hammerstein: karatasi kwanza, ala baadaye. Husimuliwa kwamba wimbo wa kwanza wa Oklahoma!, ule wa asubuhi njema, ulimchukua Hammerstein majuma matatu kuandika, na Rodgers akaupatia muziki kwa dakika kama kumi. Humo kuna mstari wa mahindi yaliyofika kimo cha jicho la tembo. Mwanzo aliandika jicho la farasi. Halafu akatoka kwenda kutazama shamba la jirani, huko Pennsylvania alikokuwa na shamba lake mwenyewe, akakuta mahindi yamempita farasi. Akarudi akabadilisha mnyama. Kwa mtu wa Mkomazi au Saadani tembo si mfano wa mbali, tunajua jicho lake liko wapi, na mahindi ya Muheza mwaka wa mvua nzuri yanafika huko kweli. Nimependa kwamba alitoka nje kwenda kupima. Wanafunzi wangu wanaoandika "theluji" kwenye mashairi ya mapenzi nimewasomea habari hiyo.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mke wake. Mtu mmoja karamuni alimsifu Jerome Kern, mtunzi wa muziki, kwa kutunga wimbo wa Ol' Man River. Bi Hammerstein akasema hapana, Kern alitunga "dam dam dam-dam". Aliyetunga Ol' Man River ni mume wangu. Sijali kama ilisemwa hivyo neno kwa neno. Natamani ningekuwa na mtu wa kunisemea vile siku ile ya redio, na yule ambaye angesema alikuwa kaburini.

Ol' Man River ni ya mchezo wa Show Boat, mwaka 1927, Hammerstein akiwa na miaka 32. Inaimbwa na Joe, Mmarekani mweusi apakiaye mizigo kwenye Mto Mississippi. Mto unajua, mto hausemi, mto unaendelea kwenda. Mistari ya mwanzo haina vina kamili, kwa sababu Joe anawaza, hatungi. Na katika wimbo huu nimejikuta upande ambao mtunzi hatarajiwi kuwa. Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyeubeba duniani kote, aliyabadilisha maneno. Pale Joe aliposema amechoka kuishi na anaogopa kufa, Robeson kwenye matamasha yake akaimba kwamba ataendelea kupigana mpaka kufa. Hammerstein hakufurahi. Mimi nafsi yangu ya utunzi inasema mtu asiguse neno la mwenzake. Lakini Robeson baba yake alizaliwa mtumwa. Neno lile lilipita mdomoni mwake, si mwa Hammerstein, usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliolipa kumsikia mtu mweusi akisema amechoka. Alikuwa na haki. Mtu huyu, nimejua juzi, alijifunza Kiswahili London miaka ya 1930. Huenda kuna siku aliitamka "mto" kwa lugha yetu.

Ningekuwa na nafasi ningeandika mengi kuhusu Dorothy Fields, mwanamke aliyetunga maneno ya nyimbo za Broadway, kumbi za michezo za New York, tangu mwaka 1928, na alikuwa bado anatunga alipofariki mwaka 1974, wakati vyumba vya watunzi vilijaa wanaume. Baba yake alikuwa mchekeshaji wa jukwaani na hakutaka wanawe waiingie kazi hiyo. Nitamwandikia peke yake siku nyingine, anastahili.

Nirudi kwa Hammerstein, wimbo wake wa mwisho. Shuleni kwetu bweni, kila mwisho wa muhula tulionyeshwa sinema ya The Sound of Music, na wote tuliamini Edelweiss ni wimbo wa asili wa Austria, wa mababu. Si wa mababu. Uliandikwa mwaka 1959, kabla ya sinema, mchezo wenyewe wa jukwaani ukiwa Boston kwenye majaribio, na Hammerstein alikuwa mgonjwa wa saratani ya tumbo. Ua dogo jeupe, linanisalimu kila asubuhi, lichanue daima, liibariki nchi yangu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyaandikia jukwaa. Kama kitambaa cha Nettie, yameandikwa yaonekane hayana mwandishi, na dunia imeamini. Alikufa Agosti 1960. Taa za Times Square, New York, zilizimwa dakika moja kwa ajili yake, mtu ambaye wengi waliokuwa wakipita pale chini wasingeijua sura yake.

Basi, stika.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kimwalimu: "Hutatembea peke yako kamwe." Herufi 23, mizani 11. Kiingereza mizani yake ni sita. Mdogo wangu akahesabu hela akatikisa kichwa, nami nikatikisa kwa sababu nyingine, haliimbiki. La pili, "Huko peke yako", mizani sita sawasawa, lakini mwendo umepotea, amebaki mtu aliyesimama. Nikaufinya mwisho kama wanavyofanya malenga, "peke yako" nikaifanya "pekeyo", nikapata "Nenda, hu pekeyo". Sita. Amri ipo na ahadi ipo. Nililipenda hilo kuliko yote, nikaliimba jikoni siku nzima.

"Dada," akasema mdogo wangu, "bajaji imeandikwa 'nenda', abiria si wataona nawafukuza?"

Alikuwa sahihi, na ndivyo Hammerstein angesema: neno lazima lifae mdomo unaolisema, na hapa anayesema ni bajaji. Tukakaa tena, yeye kwenye ndoo yake. Nikajaribu kwa sauti, polepole, kwa muziki wa Rodgers: "Huendi pekeyo." Hu-e-ndi-pe-ke-yo. Sita. Kitenzi cha mwendo kipo. Mkazo unakaa kwenye "ke", ni kweli, lakini "yo" iko wazi, unaivuta mpaka pumzi ziishe, na ni ile O. Na juu ya bajaji lina maana nyingine ambayo Kiingereza hakina, kwamba aliyepanda amepata mwenzake wa njia mpaka Bombo.

Herufi 12. Mdogo wangu akasema kwa bei hiyo imebaki hela.

Nikamwambia naihitaji hiyo iliyobaki. Kwetu malenga alikuwa hajiachii hewani. Akifika beti za tamati anajitaja, jina lake analifuma ndani ya mizani ili asije mtu akalitoa. Hammerstein hakuwa na desturi hiyo. Tulikwenda pamoja kwa fundi wa stika Jumamosi. Herufi kubwa nyekundu akazikata haraka. Ya pili, ndogo, ya kukaa chini kulia, akaniuliza inaandikwaje, hajawahi kulisikia jina hilo, ni mchezaji mpya? Nikamwambia ndiye aliyetunga maneno. Nikachukua karatasi ya daftari nikamwandikia kwa herufi za kutengana, kama wanavyoandikiwa darasa la kwanza ubaoni: H, A, M, M, E, R, S, T, E, I, N.